Mzee Ndahani, Gitaa Lake na Magunia ya Mtama

Na Respicius Kagaruki, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi

Leo, Ijumaa tarehe 31 Julai 1998, Mzee Bartolomayo Ndahani wa sehemu ya umaliziaji anastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Samani Nyota ya Kati, hapa Kizota, kwa miaka ishirini na saba na miezi minne. Aliingia getini kwa mara ya kwanza tarehe mosi Aprili 1971 akiwa amevaa viatu vya kuazima. Anatoka leo na viatu vyake mwenyewe, vidole vyote kumi na gitaa moja. Kwa mtu aliyefanya kazi jirani na misumeno muda wote huo, vidole kumi peke yake vingetosha kufanyiwa sherehe.

Wageni wetu wametuuliza tangu asubuhi kuhusu magunia ya mtama yaliyopangwa kwenye kuta tatu za kantini hii, mpaka usawa wa madirisha. Kantini haijageuka ghala. Huo si msaada wa chakula. Na kiwanda hakijauzwa tena, angalau mpaka karatasi hii inapigwa chapa. Tafadhalini msiyakalie, wala msiyasogeze ili kupata nafasi ya viti. Someni mpaka mwisho mtaelewa yamefuata nini.

Mzee Ndahani alizaliwa Buigiri, upande wa Chamwino, mwaka 1943. Hapa kiwandani alianza kama mpiga msasa, na kwa miaka minane kazi yake ilikuwa hiyo tu: kulainisha mbao za watu wengine. Mwaka 1979 akafanywa kiongozi wa sehemu ya umaliziaji, akabaki hapo mpaka leo. Mara tatu alipendekezwa kwenda ofisini, na mara tatu alikataa kwa maelezo kwamba ofisini hakuna kitu cha kushika. Vijana thelathini na mmoja wamejifunza vanishi mikononi mwake. Wote watawaambieni kwamba hakuwahi kukagua meza kwa macho. Aliyafumba, akapitisha mgongo wa kiganja juu ya ubao, kisha akaugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

Mgongo huo na kifundo hicho viliwahi kutuokoa. Mwaka 1987 tulipata oda ya madawati mia mbili ya shule za msingi. Meneja wa wakati huo, ambaye simtaji jina kwa sababu amealikwa na huenda yuko mstari wa mbele, alitaka yapakiwe Alhamisi, na lori lilikuwa limeshafika. Mzee Ndahani akapita katikati ya madawati akiyagonga moja moja kama mtu anayebisha hodi, halafu akatangaza kwamba yangali mabichi, yanalia maji. Akavuta mlango wa sehemu yake, akaketi mbele yake juu ya kopo la rangi. Meneja alifoka mpaka wapishi wakatoka jikoni kutazama. Mzee akamjibu kwa adabu yote: “Bwana mkubwa, mimi sibishani na wewe. Dawati ndilo linalobisha.”

Lori liliondoka tupu. Madawati yalikaa kivulini mpaka Septemba yakakauka. Karakana nyingine iliyokuwa na haraka kuliko sisi iliuza ya kwake mwezi ule ule lori letu lilipoondoka tupu, na kabla muhula haujaisha yalikuwa yamepasuka, wanafunzi wamerudi kukaa chini. Ya kwetu yanakaliwa mpaka leo. Niliyaona mwaka jana. Yamechorwa majina kila mahali, lakini hayana ufa.

Hata hivyo, wenzangu wa umri wangu hawamkumbuki kwanza kwa vanishi. Wanamkumbuka kwa Nyota ya Kati Jazz.

Waliozaliwa juzi hawataamini, lakini kulikuwa na wakati ambapo kiwanda kilikuwa na bendi, kama kilivyokuwa na zahanati na timu ya mpira. Jumamosi alasiri tulisukuma meza hizi hizi za kantini pembeni, tukamwaga unga laini wa mbao sakafuni ili viatu viteleze vizuri, na watu wakaja kutoka Chang'ombe, kutoka Area C, hata makarani wa serikali waliohamia kutoka Dar es Salaam wakinung'unika kwamba Dodoma hakuna starehe. Walinyamaza wakicheza. Wanamuziki walikuwa saba, wote wafanyakazi. Mzee Ndahani alipiga gitaa la rizimu. Besi ilikuwa ya Abbasi, fundi wa msumeno mkubwa, mtu wa Chemba, mrefu, mwenye mdomo mkali kuliko msumeno wake. Dansi lilifungwa kila mara kwa wimbo mmoja, “Mvua ya Hombolo”, walioutunga wenyewe. Ulianza kwa besi peke yake, matone machache mazito, na mtu aliyekuwa nje akivuta sigara aliizima akakimbilia ndani, maana alijua huo ndio wa mwisho. Haukuwahi kurekodiwa. Tulidhani hakuna haja, kwa kuwa Jumamosi ijayo ungepigwa tena.

Mwaka 1989 ilikuja barua ya mistari miwili kuivunja bendi. Ilisema kiwanda hakiwezi tena kubeba “shughuli zisizo za uzalishaji”. Nimesoma vitabu vya uchumi vya mkono wa kulia na vya mkono wa kushoto, na sijaona ukurasa unaothibitisha kwamba mtu aliyecheza Jumamosi hukata mbao vibaya Jumatatu. Kumbukumbu za uzalishaji zipo kabatini. Anayetaka kubishana aje azifungue mbele yangu. Walitwambia huo ndio wakati mpya. Katika wakati huo mpya walileta disko la kukodi kutoka mjini, spika mbili na mtu mmoja aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na hilo nalo likafa kabla ya Krismasi. Tulibaki na kantini yenye ukimya na chai ya rangi.

Vyombo vya bendi vilifungiwa stoo yenye paa linalovuja. Mwaka uliofuata vikatolewa kama takataka. Mzee Ndahani aliandika barua kuomba gitaa moja, lile la umeme lenye tumbo wazi kama la zeze, ambalo uso wake ulikuwa umebonyea na kupasuka kwa maji. Akakubaliwa. Karani wa stoo hakuwa na fomu ya gitaa, kwa hiyo katika karatasi ya kutolea vitu getini aliandika: “Ubao uliopinda, mmoja.” Mlinzi aliigeuza karatasi, akaligeuza gitaa, akamwambia Mzee kwamba ubao huu mbona una nyaya. Mzee akasema ndiyo maana umepinda. Akapita.

Aliufungua uso wa gitaa kwa mvuke wa birika, akaunyoosha chini ya mawe kwa wiki tatu, akaziba ufa kwa vipande vya mninga vyembamba kama kucha. Wakati anahangaika hivyo, jarida letu la wafanyakazi lilichapisha makala ya hasira kuhusu kuvunjwa kwa bendi. Makala hiyo ilikuwa sahihi katika kila mstari isipokuwa mmoja, uliosema kwamba gitaa moja bila bendi ni sawa na mguu mmoja bila mtu. Mwandishi wa makala ile ndiye mwandishi wa wasifu huu. Leo anaufuta mstari huo hadharani, jambo ambalo hajazoea kulifanya.

Kwa watu wa bendi zetu, solo maana yake ni gitaa linalotangulia huku wenzake wamelibeba kwa nyuma. Mzee Ndahani alikuwa anatafuta kitu kingine. Jumamosi moja jioni, mwaka 1990, alikuwa akitafuta taarifa ya habari kwenye redio ya masafa mafupi akaangukia kituo cha ng'ambo kilichokuwa na nusu saa ya jazi. Akasikia magitaa matatu: moja linatembea chini na besi, moja linajaza katikati, moja linaimba juu. Mtangazaji alipomaliza akasema kilichopigwa ni gitaa moja, na mpigaji ni mmoja. Mzee anasema aliitazama redio kama mtu aliyedanganywa. Tena ile sauti haikuwa ya kung'ata kama ya magitaa yetu ya dansi. Ilikuwa ya mviringo, ya joto, kama mtu anayezungumza na wewe mkiwa wawili tu jikoni.

Hapo ndipo alipojua anachotaka, na ni vizuri msomaji akijua pia. Kati ya wanamuziki saba wa Nyota ya Kati Jazz, wawili walikuwa wameshafariki. Ulipokuja upunguzaji wa wafanyakazi wa mwaka 1991, wanne walirudi kwao, Abbasi akiwamo, ambaye alikwenda Chemba kufanya biashara ya mbuzi. Kiwandani akabaki yeye. “Mvua ya Hombolo” haikuwa kwenye kaseti wala kwenye karatasi. Mzee Ndahani aliazimia kuuweka wimbo wote, besi yake, rizimu yake na uimbaji wake, ndani ya mikono yake miwili, na kuupiga mara moja zaidi humu kantini kabla hajastaafu. Akishindwa, ungeishia hapo.

Hakuwa na mwalimu wala kitabu. Alikuwa na nusu saa ya redio kwa wiki. Kila Jumamosi alichagua kitu kimoja tu cha kukumbuka, kwa mfano namna besi inavyopanda kuelekea sauti inayofuata, kisha akakitafuta siku sita kwenye shingo ya gitaa mpaka akipate au Jumamosi nyingine ifike. Tuliofanya naye kazi tuliona vidole vyake vikitembea juu ya mguu wa meza wakati wa chai. Tulidhani ni baridi yabisi.

Mkaguzi wake alikuwa Abbasi. Kila alipoleta mbuzi mnadani alipita Kizota, akamsabahi Mama Anitha, mke wa Mzee, akapewa kigoda na chai, akasikiliza mpaka mwisho bila kusema. Kisha alisema. “Besi yangu iko wapi hapo, Mgogo wewe? Umeimba, umejaza, mimi umeniacha nje ya mlango.” Safari nyingine alimwambia Mama Anitha: “Shemeji, huyu mumeo anapiga gitaa au anaosha vijiko?”

Lile la vijiko lilimuuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Wakati wa uhaba bendi zetu zilifunga nyuzi zilizonyofolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli, na tuliota siku ambayo maduka yangejaa nyuzi halisi. Biashara ikafunguliwa, nyuzi zikaja, zinang'aa kama vyombo vya harusi, na zililia hivyo hivyo. Huo ndio muhtasari wangu wa miaka hii tunayoishi, lakini leo si siku yake. Mzee Ndahani hakulalamika. Alifanya anachokijua. Alichukua msasa laini kabisa, ule wa mkono wa mwisho kabla ya vanishi, akazisugua nyuzi nene moja moja mpaka migongo yake ikalainika na mlio wa kucha ukapotea. Akaitupa plastiki ya kupigia, akatumia nyama ya kidole gumba, karibu na shingo badala ya karibu na daraja linaloshikilia nyuzi. Akaliunganisha gitaa na redio kubwa ya mbao aliyorithi kwa baba yake, ya zile zenye taa ndani ambazo hujipasha moto dakika nzima kabla ya kusema neno.

Julai 1992, siku chache baada ya mavuno, ile sauti ikaja. Alikuwa amekaa chumba cha pili cha nyumba yake, akagusa uzi mnene, ukajibu kwa joto lile lile alilolisikia redioni. Alimwita mkewe kutoka uani. Mama Anitha alisimama mlangoni na mwiko wake, akasema ni nzuri, akarudi kwenye ugali. Mzee akatangaza kwamba siri ilikuwa msasa.

Kufika Januari sauti ilikuwa imeondoka. Kidole kile kile, nyuzi zile zile, gitaa likarudi kuosha vijiko. Akasugua nyuzi upya mpaka moja ikakatika. Akafungua redio akafuta taa zake kwa pamba. Akakata kucha, akafuga kucha, akakata tena. Mavuno ya 1993 yalipoingia sauti ikarudi bila kuaga, akaamini ni kwa sababu amebadilisha waya mmoja ndani ya redio. Februari 1994 ikapotea tena, na safari hii alikata tamaa kiasi cha kuliegemeza gitaa ukutani likiwa limegeuza uso, kama mtoto aliyeadhibiwa. Wakati huohuo mkewe aliingia kuchota mtama kwenye gunia la mwisho. Miezi saba nyuma yalikuwa kumi na mawili, yamepangwa mpaka karibu na mabati. Mama Anitha aliinama, akakwangua debe, akainuka, akatazama chumba kilivyobaki kuta tupu, akatazama gitaa. “Baba Anitha,” alisema, “hiyo sauti unayoitafuta tumeshaila.”

Mtu aliyekagua ubao kwa kuugonga miaka ishirini na tatu alikuwa hajawahi kukigonga chumba chake mwenyewe. Akapiga makofi mara moja katikati ya chumba. Saruji na bati vikamrudishia makofi yake makali kama kofi la shavuni. Akakaa chini akacheka, naye mkewe akacheka, na tangu siku hiyo nyumbani kwao kosa lolote la kutafuta mbali kilichopo karibu linaitwa gunia.

Bila shaka alijaribu njia ya mkato. Alibeba maranda kutoka kiwandani, safari hii kwa karatasi ya getini iliyoandikwa ukweli, akajaza magunia, akayapanga. Sauti ikazimika kabisa, kama mtu amefunikwa godoro. Maranda yanakunywa sauti yote. Mtama unakunywa kidogo na kurudisha kidogo. Mimi si mwanafizikia na sitaki barua kuhusu jambo hili. Nenda kapige makofi kwenye ghala la mtama, kisha kwenye rundo la maranda, ndipo tuzungumze.

Kwa hiyo akaigawa miaka yake kama mkulima. Kuanzia Julai, magunia yakiwa yamejaa, alipiga kwa raha na kusikia wimbo unakoelekea. Kuanzia Desemba, yanaposhuka, alifanya kazi ngumu: vidole, besi isiyosimama, kubadilisha mkono bila kukatisha wimbo, maana katika chumba kitupu hakuna kosa linalojificha. Aliwahi kuniambia kwamba miezi ya njaa ndiyo iliyomfundisha gitaa, na miezi ya shibe ilimwonyesha tu alichojifunza. Nimekutana na maprofesa wasioweza kusema kitu chenye uzito huo.

Agosti 1995 Abbasi alikuja na mbuzi wake, akakaa kwenye kigoda, magunia nyuma ya kichwa. Mzee akapiga “Mvua ya Hombolo” mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Yakatangulia yale matone ya besi, kwa kidole gumba, halafu rizimu ikaingia bila besi kusimama, halafu uimbaji juu yake. Chai ya Abbasi ilipoa. Mama Anitha anasema hakufuta macho, aliyaacha tu. Kisha akauliza kama kuna sukari, na alipopewa akasema: “Haya. Sasa nimeingia ndani.”

Abbasi alifariki Chemba mwezi Oktoba 1996. Waliobaki wa ile bendi, wawili wako mbali na hawapigi tena, na wa tatu hasikii vizuri. Wimbo ule sasa uko mahali pamoja tu duniani.

Tulimwomba aupige Mei Mosi ya mwaka jana. Alikuja kantini siku mbili kabla, akasimama katikati, akapiga makofi mara moja, akatikisa kichwa. Tulimsihi. Tukamwambia watu hawajui tofauti. Akajibu kwamba wao hawajui lakini Abbasi anajua: sauti ikiwa ya vijiko, Abbasi hamo, na bila Abbasi huo si wimbo wao. Mwaka ule wa ukame ulipita bila gunia hata moja ndani ya chumba chake, na alifanya mazoezi kwenye kuta tupu Januari mpaka Desemba. Sote tulijua tarehe ya kustaafu inakuja. Alijua kuliko sote. Kantini yenyewe mwekezaji aliyenunua kiwanda amekwisha kutangaza kwamba itabomolewa mwezi ujao ili pajengwe stoo ya bidhaa. Kuhusu hilo nitaandika mahali pengine, kwa kalamu nyingine.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi wa kamati ya sherehe, ambao ni lazima uingie katika kumbukumbu. Desturi ya kiwanda hiki ni kumzawadia mstaafu mabati ishirini. Wajumbe wawili walishikilia kwamba desturi ni desturi. Yaani mtu aliyepambana na bati miaka minane tumuage kwa mabati mengine ishirini! Mkutano ulikuwa mrefu na baadhi ya maneno niliyotumia yamefutwa kwenye muhtasari, kwa haki. Aliyeumaliza ni Bi Ritha, mkuu wa jiko la kantini, aliyekuwa amekaa akichambua maharage. Alisema mvua za mwaka huu zimebomoa barabara lakini zimejaza nyumba za watu mtama, na hakuna mfanyakazi hapa asiye na shamba. Kila mtu alete debe. “Apewe chumba chake,” alisema. “Sisi tuje tukikae naye siku moja, halafu akibebe.”

Watu walileta. Wa msumeno, wa vanishi, wa mauzo, walinzi, hata meneja wa zamani, yule wa mstari wa mbele, alituma madebe mawili bila kuambatanisha neno. Juzi Jumatano Mzee Ndahani aliletwa kupima. Tulianza na ukuta wa nyuma. Akapiga makofi, akasema bado. Tukaongeza wa dirishani, bado. Tulipomaliza ukuta wa tatu tukiwa tumelowa jasho, alipiga makofi mara moja. Akafungua mfuko wa gitaa, akasubiri ile redio ya mbao ipashe moto, akagusa uzi mnene.

Yalikuwa yale matone machache ya mwanzo tu. Lakini mlinzi aliyekuwa nje aliizima sigara yake akaingia ndani, na Bi Ritha akashika meza. Mzee akayaachia yazime yenyewe, akarudisha gitaa mfukoni, na tulipolalamika akasema mengine Ijumaa.

Ijumaa ni leo. Saa tisa alasiri, baada ya wenzetu kurudi kutoka msikitini na baada ya hotuba ambazo nimeomba ziwe fupi, Mzee Bartolomayo Ndahani atapiga “Mvua ya Hombolo” kwenye kantini hii, peke yake, wote saba. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Mzee Ndahani, tunakushukuru kwa kila ubao uliogoma kuupitisha na kwa kila kijana uliyemfundisha kusikiliza kabla ya kupaka. Mama Anitha, tunakushukuru wewe uliyesikia kabla yake. Kesho asubuhi lori la kiwanda litapeleka magunia haya Buigiri, kwenye nyumba yenu mpya, na vijana wa umaliziaji wameagizwa kuyapanga kwenye kuta tatu, kama yalivyo hapa. Mkae salama, mzeeke kwa furaha, mvua iwakute shambani.

Na huo mtama, mle polepole.